Mbuzi Kwenye Gunia na Kadi ya Shilingi Laki Moja na Themanini

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu na ambaye ananizidi umri na cheo, alicheka sana nilipomsimulia kisa nitakachokieleza hapa. Tulikuwa tunakunywa chai ya saa nne. Alipomaliza kucheka akasema: "Mwalimu, huyo binti kajitakia. Kataka cha rahisi, kapata cha rahisi. Tutamlilia kila mjinga?" Wenzetu wawili pale mezani wakaafiki, mmoja akatia methali, na mazungumzo yakahamia kwenye posho za kusahihisha mitihani. Siku ile sikujibu, kwa sababu jibu langu lilikuwa bado halijaiva. Nalitoa sasa, na nalitoa hadharani, kwa kuwa kicheko kile nimekisikia katika vinywa vingi: vya wauzaji, vya mafundi, vya maofisa wa serikali, hata vya wanaharakati wa haki ambao kwa mambo mengine wana huruma isiyo na mpaka.

Mwanafunzi mwenyewe yuko mwaka wa mwisho wa usanifu majengo. Mimi humfundisha historia ya makazi na siasa za ardhi, wala si mtaalamu wa kompyuta. Ila nimekuwa nikifungua na kufunga mashine zangu mwenyewe tangu zama za diski za floppy, wanafunzi wamelijua hilo, na ofisi yangu imegeuka zahanati ya mashine zilizougua. Binti huyu alikuwa na kompyuta ya mezani ya mtumba, ya aina zile zinazotolewa maofisini Ulaya na kushushwa kwetu kwa makontena: kasha jembamba, prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu iliyoingia sokoni mwaka 2012, RAM ya GB 4, na monita kuukuu ya waya wa VGA. Mradi wake wa kuhitimu ni soko la samaki la ghorofa mbili, na sisi walimu wake tulimtaka auwasilishe kwa mchoro wa pande tatu. Programu ya kuchorea ikawa inachukua dakika nyingi kufunguka. Fundi mmoja wa mabwenini akamwambia kwamba kinachokosekana ni kadi ya grafiki. Bumu lilipoingia, akaenda Kariakoo.

Alipokewa na winga, akapelekwa duka la ghorofa ya pili, akaonyeshwa boksi jipya lenye picha ya joka na maandishi makubwa: GTX 1050 Ti, GB 4. Bei ilianzia laki mbili na ishirini, ikashuka hadi laki moja na themanini "kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, dada." Alichokipenda zaidi katika kadi ile, aliniambia baadaye, ni kwamba ilikuwa na tundu la VGA. Monita yake ingeingia moja kwa moja, bila kununua kibadilishi. Akalipa.

Kadi iliwaka. Kompyuta ikaitambua, na kwenye orodha ya vifaa yakatokea maneno yaleyale yaliyokuwa kwenye boksi, pamoja na GB 4 zake. Lakini kila alipofungua soko lake la samaki na kujaribu kulizungusha, skrini iliganda, ikawa nyeusi, na mashine ikajizima. Akajaribu kuweka draiva rasmi kutoka tovuti ya Nvidia; ikagoma kabisa. Ni ile tu iliyokuja kwenye CD ndani ya boksi ndiyo iliyokubali. Juma zima aliamini kosa ni lake. Alipofika ofisini kwangu neno lake la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa: "Mwalimu, nadhani nimeiharibu."

Niliweka programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo kazi yake ni kuisoma chipu yenyewe badala ya kuamini jina ililopewa. Tangu mwaka 2018 programu hiyo ina uwezo wa kutambua kadi za kughushi, na ilizitambua bila kusita: mbele ya jina la kadi ikaandika kwamba ni bandia. GTX 1050 Ti halisi, iliyotoka mwaka 2016, ina vitengo 768 vya kukokotoa. Hii ilikuwa na 96. Chipu yake ni ya ukoo wa Fermi, ukoo ulioanza kuuzwa mwaka 2010. Kumbukumbu yake halisi ilikuwa GB 1. Mtu fulani, katika karakana fulani mbali na sisi, aliichukua kadi ya kale, akaifuta maandishi ya ndani, akaiandikia jina jipya na ukubwa wa uongo, akaivisha feni mpya na boksi la joka. Kompyuta haina namna ya kubisha; huambiwa kuna GB 4, ikaamini, na mchoro unapovuka ile GB 1 ya kweli data humwagwa mahali pasipokuwepo, ndipo kiza kinapoingia.

Na lile tundu la VGA lililompendeza ndilo lililokuwa ushahidi. Chipu za ukoo wa Pascal, ambao 1050 Ti ni mmoja wao, hazitoi kabisa mawimbi ya analojia ambayo VGA huyahitaji. Kadi ya 1050 Ti yenye tundu la VGA ya kawaida ni sawa na noti yenye sura ya mtu asiyewahi kuwekwa kwenye noti. Kwa anayejua, inatosha kuitazama mara moja. Lakini nani amjulishe? Na kwa nini ajue? Sisi tulimfundisha zege, miinuko, mwanga na upepo.

Tulirudi dukani pamoja. Muuzaji alinipa shikamoo na kiti, na katika yote yaliyofuata hakunivunjia heshima hata mara moja. "Mzee wangu," aliniuliza, "kadi imewaka au haijawaka?" Nikasema imewaka. "Imeandika 1050 Ti au haijaandika?" Imeandika. "Sasa tatizo la duka liko wapi?" Nikamwonyesha picha za skrini. Alizitazama kwa muda, na naapa niliona usoni mwake kwamba hakuwa akiigiza: na yeye alikuwa hajui. Alizinunua kwa boksi, kumi kumi, kutoka kwa mwingizaji ambaye naye hununua kwa picha za simu. Kisha akageuza risiti na kunionyesha mstari wa chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akatupa ofa ya kubadilishiwa kadi nyingine, kwa kuongeza elfu hamsini. Ile nyingine nayo ilikuwa na boksi la joka.

Hapa ndipo mwenzangu wa chai ya saa nne anapotaka nihitimishe kwamba rahisi ni ghali na mnunuzi afumbue macho. Mimi nasema hapana, na nataka tufuate mnyororo huu hadi mwisho wake, kwa sababu mghushi wa joka si kichaa aliyezuka peke yake. Amejifunza kwa waliomtangulia.

Tuanze na kadi halali kabisa, isiyoghushiwa na yeyote. Mwaka 2014 Nvidia ilitoa kadi ya bei ya chini iitwayo GT 730. Chini ya jina hilo moja ziliuzwa kadi tatu tofauti. Mbili zilikuwa na chipu ya ukoo wa Kepler na vitengo 384, moja ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 na nyingine ya DDR3. Ya tatu ilikuwa na vitengo 96 tu, na chipu yake ilikuwa ya ukoo wa Fermi. Ndiyo, Fermi uleule, na hesabu ileile ya 96 niliyoikuta ndani ya boksi la joka. Miaka minne baadaye, Aprili 2018, kampuni ikatangaza kwamba Fermi haitapata tena draiva mpya. Aliyenunua 730 ya Kepler akaendelea kuhudumiwa kwa miaka kadhaa. Aliyenunua 730 ya Fermi akaachwa njiani. Na wote wawili waliagiza kitu chenye jina moja. Tofauti ya mghushi na mtengenezaji hapo ni ipi? Mghushi aliandika jina la uongo. Mtengenezaji alitunga jina la kweli lisilosema kitu.

Wala lile halikuwa kosa la bahati mbaya. GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja GT 1030 nyingine, jina lilelile, yenye DDR4 inayopitisha GB 16.8. Theluthi moja tu. Waliozipima zote mbili kwa gemu waliikuta ya pili ikibaki nyuma kwa karibu nusu, au zaidi. Kampuni ya AMD nayo, mwaka 2018, ilitoa kwa soko la China kadi ya RX 580 yenye vitengo 2,048, wakati RX 580 ambayo dunia iliizoea ina 2,304; alama ya tofauti ni vijiherufi vinavyofuata jina, na kila mfanyabiashara wa mtandaoni anajua jinsi vijiherufi vinavyoweza kupotea kwenye tangazo. Kwa kadi za bei kubwa michezo kama hii haikosekani, lakini hupigiwa kelele siku hiyohiyo na waandishi wa habari za teknolojia, kwa kuwa wanaozinunua wana sauti. Kadi za laki moja hazina watetezi.

Mfano unaonikera kuliko yote ni wa mwaka 2022, kwa sababu unaonyesha jinsi umaskini unavyoweza kuhesabiwa ndani ya mchoro wa kihandisi. AMD ilitoa RX 6500 XT kwa dola 199 na mdogo wake RX 6400 kwa dola 159: kadi za watu wa chini. Kadi ya kawaida huzungumza na kompyuta kupitia njia kumi na sita. Hizi zilipewa njia nne. Kwenye mashine mpya yenye kiwango cha nne cha PCIe, njia nne hizo zina kasi ya kutosha. Lakini kwenye kiwango cha tatu kila njia ina nusu ya kasi hiyo, na kadi huanza kukwama, hasa GB 4 zake zinapojaa. Sasa jiulize: anayenunua kadi ya bei ya chini ana mashine ya namna gani? Ana ya zamani. Kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya asiye na fedha ikafanywa ifanye kazi vizuri kwa mwenye nazo. Juu ya hayo wakaiondolea sehemu inayosimba video, ambayo hata kadi za miaka mingi nyuma zilikuwa nayo, hivyo kijana anayetaka kuhariri filamu fupi za arusi apate mkate hupewa kadi mpya isiyojua kazi aliyoinunulia.

Mtu ataniambia taarifa hizi zote zipo hadharani. Zipo. Zipo kwa Kiingereza, kwenye majedwali ya tarakimu, kwa mwenye intaneti na saa tatu za kusoma kabla ya kununua. Taarifa isiyomfikia anayetoa fedha, pale kaunta, kwa lugha yake, kabla hajazitoa, mimi siihesabu kuwa taarifa.

Nikiri pia upande wa mashine yenyewe, maana hata kama binti yule angeuziwa 1050 Ti ya kweli angepata taabu. Kasha jembamba kama lile hulazimisha kadi ya nusu kimo. Ya kimo kamili haifungiki, na watu hukata bati kwa msumeno. Pawa saplai za mashine za ofisi za umri ule nyingi zina wati 240, bila waya wa kuipa kadi umeme wa ziada, na mara nyingi plagi zake si za kawaida, hivyo kuibadilisha kunahitaji kibadilishi ambacho nacho kinaweza kuwa cha kughushi. Sloti hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayotaka wati 120 huwaka vizuri dukani, kwenye mashine kubwa ya muuzaji, na huzima nyumbani. Kuna BIOS za zamani zisizoelewana na kadi mpya. Kuna kadi zilizochosha maisha yao kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, zikamwagwa sokoni Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, na nyingine zikaoshwa na kuitwa mpya. Na kuna ukweli kwamba mashine ya mwaka 2012 haipokelewi rasmi na Windows 11, wakati Windows 10 ilikatiwa huduma za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kadi haimwondolei mtu tatizo hilo hata iwe ya milioni.

La kusikitisha zaidi: hakuhitaji kadi kwanza. Niliposhika saa, nikaona kinachochelewesha ni ile diski ngumu ya kuzunguka pamoja na RAM ya GB 4 iliyokuwa inafurika kabla mchoro haujafunguka. Tuliweka diski ya SSD na kuongeza RAM hadi GB 12, vyote kwa elfu tisini na tano ambazo nilimkopesha, na programu ikafunguka kwa sekunde arobaini. Soko la samaki likazunguka kwa kukwamakwama lakini likazunguka, kwa grafiki iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Baada ya hapo, kama angetaka kadi, ningemtafutia ndogo ya kiofisi kama Quadro P620, yenye vitengo 512 na ulaji wa wati 40, ambayo hutoshea kasha jembamba bila vita. Fundi wa bwenini alikosea utambuzi. Simlaumu sana, alifanya kile ambacho madaktari wasio na maabara hufanya.

Lakini sisi? Nani alimpa binti yule kazi ya pande tatu? Sisi. Je, tulimwambia mashine gani inatosha? Hatukumwambia. Mwongozo wa mradi una kurasa kumi na nne, na nusu ukurasa unaeleza ukubwa wa pambizo na aina ya mwandiko. Kuhusu kompyuta kuna sentensi moja: mwanafunzi ahakikishe ana vifaa stahiki. Maabara yetu ina mashine nzuri kadhaa, na hufungwa saa kumi na mbili jioni kwa kuwa hakuna fungu la kumlipa mlinzi wa zamu ya usiku. Kwa hiyo tumeihamishia gharama ya maabara kwenye bumu la mwanafunzi, kimyakimya, kisha tunakaa kwenye chai ya saa nne tukimcheka kwa jinsi alivyoitumia vibaya. Jina langu limo kwenye kamati iliyopitisha mwongozo ule. Niliusoma, nikasahihisha koma mbili.

Sasa nigeukie dola, maana najua maofisa kadhaa husoma ukurasa huu na wengine wamekuwa wanafunzi wangu.

Tusiseme hatuna sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa au kuiita mpya wakati si mpya. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu mwaka 1963. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo sharti kilingane na maelezo yake. Ule mstari wa chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, unatajwa kila siku kana kwamba ni aya ya katiba, na wanunuzi huuinamia. Bidhaa isiyolingana na jina lake haijauzwa bado kwa maana ya haki. Imebadilishwa mikono tu. Ningependa kuona siku ambayo mstari ule unakaguliwa kwa bidii ileile inayotumika kukagua kama risiti yenyewe imetolewa na mashine ya EFD.

Tusiseme pia kwamba dola haina uwezo wa kitaalamu. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012. Wananchi waliandaliwa kwa miezi, wakafundishwa kubonyeza *#06# na kuhakiki namba ya simu zao, na hata bibi zetu vijijini walijua IMEI ni nini. Lile lilinifundisha mambo mawili. Kwanza, elimu ya kiufundi inaweza kumfikia kila mtu, kwa Kiswahili, dola ikiamua. Pili, simu zilizimika mikononi mwa walionunua. Aliyeziingiza alikuwa amekwisha kulipwa. Aliyeziuza alikuwa amekwisha kulipwa. Mwenye hasara akawa yule yule aliyedanganywa, naye akaambiwa aende akanunue nyingine. Mfumo wetu wa kupambana na bidhaa bandia una tabia hii ya kumwadhibu aliyeibiwa, na mwenzangu wa chai anaposema "kajitakia" anasema tu kwa kicheko kile ambacho mfumo unasema kwa vitendo.

Na dola yenyewe ni mnunuzi. Nimewahi kukaa kwenye kamati za ununuzi, nikaona vigezo vya kiufundi vilivyoandikwa hivi: kompyuta yenye kadi ya grafiki ya GB 4. Basi. Ndugu mtumishi wa umma, sentensi hiyo ni mlango ulioachwa wazi. GB ni ukubwa wa ghala. Haisemi barabara ya kuingilia ghalani ni pana kiasi gani. Kuna kadi za GB 4 za DDR3 zinazozidiwa na za GB 1 za GDDR5. Mzabuni mwerevu huitimiza sentensi yako kwa kadi ya bei ya chini kabisa inayopatikana duniani, na wewe huna pa kumkatalia, kwa sababu ameleta ulichoomba. Andika jina kamili la kadi, aina ya kumbukumbu na upana wa njia yake, idadi ya vitengo, wati, na tamko kwamba mtengenezaji bado anaitolea draiva. Andika kwamba kifaa kitahakikiwa kwa GPU-Z mbele ya kamati kabla ya hati ya mapokezi kusainiwa. Mistari sita kwenye NeST haigharimu fedha yoyote.

Kwa wanaharakati nina ombi moja, na linaniumiza kulitoa kwa sababu nimo miongoni mwenu. Tumetetea haki ya kuandamana, haki ya habari, haki ya ardhi. Mnunuzi tumemwachia methali. Duka moja la jirani lenye kompyuta iliyofungwa GPU-Z na bango linalosema "Leta kadi yako tuikague bure" lingeokoa fedha nyingi za vijana kuliko semina tatu za hotelini. Vyama vya wanafunzi vinaweza kulifanya Jumamosi hii. Na muuzaji atakayekubali kadi ijaribiwe dukani kwa dakika kumi, mchoro mzito ukizunguka, kabla ya fedha kutolewa, tumtangaze. Wapo wafanyabiashara waaminifu Kariakoo. Hasara yao kubwa ni kwamba boksi la joka linakaa rafu moja na la kwao kwa nusu ya bei, na mnunuzi hana jicho la kuwatofautisha.

Wiki iliyopita binti alirudi kulipa elfu ishirini katika deni lake. Mradi umekubaliwa. Alibaki amesimama mlangoni, nikajua ana neno. Yule fundi wa bwenini, akasema, amempatia mteja wa ile kadi: kijana wa mwaka wa kwanza anayetaka kucheza gemu, yuko tayari kutoa laki moja na ishirini. "Ananiambia nisiseme kitu, Mwalimu. Ukiiwasha si inaandika 1050 Ti? Hata mimi niliuziwa hivyohivyo." Laki moja na ishirini ingelimaliza deni langu na kumwachia chakula cha wiki tatu. Sikumwambia afanye nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikatambua kwamba mimi ndiye ninayedai.

Jana alinitumia picha. Kwenye bati la kadi ameandika kwa kalamu ya wino mzito mweupe: FERMI, GB 1, VITENGO 96, HAIFAI GEMU WALA 3D. Chini yake ameweka tarehe na sahihi, kama wanavyofundishwa kusaini michoro. Imenunuliwa na mwenye duka la kuchapishia karatasi, ambaye mashine yake ilikufa tundu la monita na hakuhitaji zaidi ya VGA. Ametoa shilingi elfu kumi na tano.